Sifuri Nyuma ya Banda la Kuku

Kila siku saa kumi jioni kazi yangu ilikuwa kushika ngazi. Nikitoka shule natupa begi mlangoni, nakimbilia uani, na hapo namkuta dada yuko tayari, daftari kwapani na simu ya mama mkononi. Anapanda mpaka kwenye jukwaa la tangi la maji, anakaa miguu ikining'inia, kisha anaanza kumtafuta mwalimu wake kwenye simu.

Dada alikuwa anasomea ualimu wa chekechea kwa njia ya mtandao. Chuo kilikuwa mbali, na chumba cha kupanga huko hatukukiweza, kwa hiyo masomo yalimfuata nyumbani. Ila nyumbani kwetu ni bondeni, nyuma ya vilima viwili, na mtandao ukifika pale unakuwa hoi. Mwalimu anatamka neno moja, anaganda mdomo wazi kama mtu anayetaka kupiga chafya. Mvua ikinyesha ndiyo basi tena, dada hapandi.

Siku moja chuo kikamwandikia: umekosa vipindi vingi mno. Ukikosa vitatu vingine, jina lako linafutwa.

Dada aliusoma ujumbe ule mara mbili, akaingia chumbani, akajifungia. Mimi nililia kwa hasira. Nyumbani wananiita Pilipili, na jina hilo sikupewa bure.

Jumamosi nikafuatana na mama hadi ofisi ya kampuni ya mtandao. Mama ni fundi cherehani, mtu wa maneno machache, na siku hiyo alivaa gauni lake la heshima. Karani alikuwa na tai nyekundu shingoni na kikombe cha chai mezani. Akabonyeza kompyuta yake, akatutazama kama watu waliopotea njia.

"Mama, ramani kwenye mfumo inaonyesha nyumba yenu imo ndani ya eneo la mtandao wa kasi. Hamna tatizo."

"Tatizo tunalo, baba," mama akamjibu taratibu. "Binti yangu anasomea juu ya tangi la maji."

"Basi simu yenu ndiyo mbovu. Mfumo haudanganyi."

"Huo mfumo umewahi kulala kwetu hata siku moja?" nikauliza.

Mama akanifinya mkono. "We mtoto, adabu!"

Karani akacheka mpaka chai ikamwagika. "Haya, wakili mdogo. Njoo nikuonyeshe." Akachukua simu ya mama, akanifundisha kupima kasi: unabonyeza, unasubiri, inatokea namba. Darasa la video, alisema, linahitaji angalau tano. "Pima siku saba, kila pembe ya nyumbani kwenu, uandike. Ukileta ushahidi nitamtuma fundi. Lakini najua utakachokikuta."

Najua utakachokikuta! Maneno yale yalinichoma kama mwiba wa samaki. Njia nzima ya kurudi nilipiga teke kila jiwe. Nilikuwa naapa kimoyomoyo kwamba yule bwana na tai yake nitawakomesha.

Nikaanza kupima. Sebuleni, moja. Jikoni, sifuri. Chumbani, sifuri. Juu ya tangi, mbili. Niliandika kila namba kwenye daftari, nikaipigia mstari kwa rula, na kila sifuri ilinifurahisha. Shangazi wa jirani akapita akaniona nimenyanyua simu juu. "Pilipili, unatega mvua?" akanitania. "Mtandao haupendi watu wa bondeni, mwanangu."

"Utatupenda tu, shangazi!" nikamjibu.

Siku ya tano nilikuwa uani nikipima, mara jogoo wa bibi yetu akanivamia. Jogoo yule hana adabu hata chembe. Nikatimua mbio, nikazunguka nyuma ya banda la kuku, nikapanda juu ya jiwe huku simu iko mkononi. Nilipoitazama, ilikuwa imemaliza kupima. Kumi na nne!

Nikapima tena. Kumi na tano. Nikainua macho, nikaona kwamba kutoka pale, katikati ya vilima viwili, kuna upenyo mwembamba, na ndani ya upenyo ule mnara unaonekana, mdogo kama sindano ya mama.

Mtu mwenye akili zake angepiga vigelegele. Mimi nilichokiona ni tai nyekundu ikinicheka: "Si nilikwambia?" Thubutu! Nikatoa kalamu, nikaandika: Nyuma ya banda la kuku, 0.

Siku ya sita ikanyesha mvua kubwa. Dada alisimama dirishani ameshika daftari lake, na kipindi kikapita hivihivi. Nyuma ya banda, bati limechomoza vizuri tu na mtu anaweza kukaa bila kulowa. Nilijua. Nikanyamaza. Siku ya saba alipanda kwenye tangi, picha ikaganda tangu mwanzo mpaka mwisho, na chuo kikahesabu kwamba hakuhudhuria. Sasa kilibaki kipindi kimoja tu cha kukosa.

Nikapeleka daftari. Karani alilipekua, kicheko kikamwisha, akasema fundi atakuja Alhamisi. Nilitoka pale nimenyoosha shingo kama twiga.

Alhamisi fundi akaja na pikapu. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye buti nzito na mkanda wa vifaa kiunoni. Nyuma ya gari kulikuwa na antena mpya ndani ya boksi lake, na mlingoti wa chuma. Akapima sebuleni, akapima juu ya tangi, akatikisa kichwa. Wingu zito lilikuwa limeshatanda, na ilikuwa yapata saa nane.

"Antena lazima iuone mnara," akatueleza. "Isipouona, ni sahani tu hii, na hata kulia wali haifai. Daftari ni la nani?"

"Langu," nikasema.

"Umepima kote? Hata kule nyuma?"

Dada alikuwa ananitazama. Mama naye. "Kote," nikasema. "Sifuri."

Fundi akashusha pumzi. "Basi poleni. Itabidi msubiri mnara mpya. Labda mwaka ujao, labda ule mwingine. Nina nyumba nyingine tatu za kufika kabla ya mvua." Akafunga kamba juu ya boksi, akampa mama mkono wa kwaheri.

Dada hakulia. Alisema tu, "Asante kwa kuja, dada," kwa heshima zote, halafu akaanza kuisogeza ngazi kwenye tangi, ingawa matone ya kwanza yalikuwa yameshaanza kudondoka. Nilipoiona mikono yake kwenye ngazi ile, moyo ulinipasuka. Gari lilikuwa limeshawaka.

"Simama!" nikapiga kelele. Nikalikimbilia, nikapiga bodi kwa kiganja. "Simama! Nimesema uongo!"

Gari likasimama. Nikasema yote palepale njiani, mbele ya wote: jogoo, jiwe, kumi na nne, sifuri niliyoiandika kwa makusudi. Nilisema kwa sauti ya juu, maana ningepunguza sauti tu ningeshindwa kumaliza.

Dada akaiachia ngazi. "Siku ile ya mvua," akasema, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Akanigeuzia mgongo. Afadhali angenizaba kofi.

"Mtayamaliza baadaye," fundi akasema akishuka. "Nionyeshe hilo jiwe." Akapanda juu yake, akapima, akapiga mluzi. "Kumi na sita! Na ningeondoka. Shikeni mlingoti, mvua haitungoji!"

Tukafanya kazi kama siafu. Mama alichimba, dada akashikilia mlingoti, mimi nikabeba mawe ya kushindilia mpaka viganja vikachubuka. Bibi, mwenye kuku, alisimama mlangoni mikono kiunoni. "Hicho chuma kikiwazuia kuku wangu kutaga, mtakula antena!" akatuonya. Fundi akavuta waya kutoka kwenye mlingoti hadi sebuleni, akauchomeka kwenye kisanduku kidogo. Taa nyekundu. Taa nyekundu. Saa kumi kasoro dakika tano, ikageuka kijani.

Dada aliketi kwenye kiti, ndani ya nyumba, kwa mara ya kwanza. Mvua ilikuwa inapiga bati kwa fujo. Mwalimu akatokea kwenye simu, akasogea, akacheka, akaongea maneno mengi mfululizo bila kuganda. Jogoo akawika dirishani, na mwalimu akasema, "Karibu! Naona leo umekuja na mwanafunzi wako wa kwanza."

Fundi alikuwa anasafisha buti zake barazani. Akaniita. "Karani alikosea, alisema nyumba yote ina mtandao. Nawe ukakosea, ukasema hakuna hata chembe. Kweli ilikuwa nyuma ya banda la kuku, na hakuna kati yenu aliyeitaka."

Mama akakaa karibu yangu. "Ukali wako sijaukataza, mwanangu. Bila huo karani asingemtuma mtu. Lakini niambie: ulikuwa unampigania dada yako, au ulikuwa unapigana na karani?"

Machozi yalinitoka.

"Haki haihitaji kuongezewa uongo," mama akasema. "Ukiipigania kwa uongo, unamuumiza yuleyule unayemtetea. Jumamosi utalipeleka daftari wewe mwenyewe, na namba ya kweli."

Usiku huo dada alisogea kitandani akanipa nafasi, kama kawaida. "Ngazi utairudisha stoo peke yako," akasema. Hapo nikajua amenisamehe.

Jumamosi nikasimama mbele ya tai nyekundu. Nilikuwa nimeikata ile sifuri kwa mstari mmoja na kuandika 14 juu yake, na pembeni nimeandika: nilidanganya, nisamehe. Karani akasoma. Uso ukamchanua.

"Si nilikwambia?"

Nilimeza mate. Yalikuwa machungu, lakini niliyameza. "Ulisema, na ni kweli nyuma ya banda la kuku mtandao upo. Nilikosea kuuficha. Lakini sebuleni ni moja, jikoni sifuri, chumbani sifuri, na hizo sikuzibadilisha hata moja. Simu hii hapa, imezitunza zote, kagua. Sisi hatulali na kuku, kaka. Naomba urekebishe ramani yako, maana bondeni kule kuna nyumba nyingine tisa."

Mama alikuwa nyuma yangu. Nikangoja anifinye mkono. Hakunifinya.

Karani aliikagua simu. Kisha akasogeza kikombe chake pembeni, akavuta kompyuta karibu, akasema, "Haya. Nisomee moja moja."