Ng'ombe Wenye Hereni za Kijani

Kila asubuhi, kabla ya uji wa shayiri, Annika Tveit alipanda juu ya lango la malisho akahesabu ng'ombe wakienda kunywa maji. Idadi aliiandika kwenye kalenda ya jikoni. Shule zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya korona, na baba yake, Leland, alikuwa amemwambia, "Sasa wewe ndiye karani wangu. Mshahara, mayai mawili."

Mwezi wa nne walipita sitini na mmoja.

Mwezi wa saba, baba aliketi mezani na fomu ya serikali. Bei ya ng'ombe ilikuwa imeanguka, na serikali ilikuwa ikiwapa wafugaji fidia kwa kila ng'ombe waliyekuwa naye mwezi ule wa nne. Leland akatazama kalenda, akaandika sitini na mmoja, akatia sahihi.

"Nani atakuja kuwahesabu?" Annika aliuliza.

"Hakuna. Wanachukua neno langu."

Annika alishangaa. Serikali yenye ndege na meli za vita inaamini neno la mtu mwenye buti za matope!

Fedha ziliingia. Mvua ilikuwa imewanyima majani mwaka ule, kwa hiyo baba aliagiza majani makavu ya kulisha mifugo wakati wa theluji. Lori lingeyaleta Jumamosi.

Alhamisi jirani yao, Mzee Orval Bjerke, aliyekuwa ameanza kupata nafuu, aliwataka ng'ombe wake warudi. Korona ilikuwa imemlaza tangu mwezi wa tatu, na huko kwao mtu akiugua, jirani huchukua mifugo yake bila kusubiri kuombwa. Annika alishika lango ili kuwatenga. Ng'ombe wao walivaa hereni za manjano masikioni, wa Mzee Orval za kijani. Za kijani zikapita kumi, kumi na mbili, kumi na nne. Akakumbuka kalenda ya jikoni. Mwezi wa nne alikuwa amewahesabu wote pamoja, wao na wa jirani.

Akinyamaza, nani angejua? Akisema, majani ya Jumamosi yangelipwa kwa fedha gani? Alimwendea baba aliyekuwa akifunga trela.

"Baba, nilihesabu na hereni za kijani."

Leland alifuta mikono kwa kitambaa, akaendelea kuifuta hata ilipokwisha kutakata. "Nami nikanakili kama kasuku. Kalenda ni yako, mwanangu, lakini sahihi ni yangu. Vaa barakoa."

Ofisi ya kaunti, iliyopokea zile fomu za fidia, ilihudumia watu kupitia dirisha. Bi Darlene, karani, akasema, "Leland, kama unataka fedha nyingine, foleni inaanzia kule mbali Nebraska."

"Nimekuja kurudisha fidia ya ng'ombe kumi na wanne."

"Hebu rudia, kioo hiki kinene."

Akarudia, wala hakushusha sauti, ingawa nyuma yake mfugaji mmoja alikuwa akingoja na fomu yake mkononi.

"Leland, jua limekupiga?" yule mtu aliuliza.

Annika alitazama chini, akingoja kicheko. Hakikuja. Yule mtu aliitazama fomu yake kwa muda, akajikuna shingo. "Bi Darlene, ngoja kwanza nikahesabu upya," akasema, akarudi garini kwake.

Jioni, Mzee Orval alisikiliza habari yote akiwa kwenye kiti chake barazani, pumzi bado fupi.

"Lile lori la Jumamosi liambieni lisije," akasema. "Konde langu la bondeni hunywa maji ya mto, wala halijaliwa tangu masika. Walaji si walikuwa kwenu? Kateni."

Annika aligeuka akaliona konde. Majani yalimfika kiunoni, yakaenda hivyo mpaka mtoni, na upepo ukiyalaza na kuyainua.

"Sikiliza, karani," mzee akaendelea. "Wangekuja kuwahesabu, ungesema kweli kwa woga tu. Hawakuja, nawe ukasema. Huo ndio uaminifu, mjukuu wangu, na kaunti hii nzima haina ukuta mwingine wa kuilinda."