Mlango wa Bweni

Mfyatua matofali alikuwa bingwa wa kubisha. Ukisema udongo umelainika, yeye atasema bado. Lakini safari hii alibishia jambo zito: masomo ya binti yake mkubwa.

Shule ilikuwa mbali mno. Binti alikuwa akifika somo la kwanza limekwisha, na akikaa, anasinzia. Sasa alianza kusema, "Baba, bora niache tu." Mwalimu akampatia nafasi bwenini, alale shuleni pamoja na wasichana wengine wa vijiji vya mbali. Chakula na kitanda ni juu ya shule.

"Haiwezekani," baba alisema. "Mtoto wa kike alale kwa watu nisiowajua? Nani atamlinda?"

"Na huko njiani peke yake, nani anamlinda?" mkewe akamuuliza.

Baba akaendelea kukanyaga udongo kama hakusikia. Kusema kweli, alikuwa anaogopa.

Jirani yao, mama mmoja, alikuwa mlezi wa bweni hilohilo. Alikuwa nyumbani likizo, akayasikia mabishano yao, akaja.

"Shemeji, usiniamini mimi," alisema. "Nikirudi kazini, njoo uone kwa macho yako. Mzazi ana haki ya kuuliza lolote."

"Hata kama nina maswali mengi?"

"Wewe tena! Nani asiyekujua?"

Jirani aliporudi kazini, baba na mkewe wakaenda. Baba akatikisa vitanda. Akachungulia vyoo. Akafunga komeo la mlango, akalifungua, akalifunga tena.

"Usiku ufunguo anao nani?"

"Mimi. Chumba changu hiki hapa, mlango kwa mlango."

"Wanaume?"

"Hawavuki geti lile. Hata wewe umeingia kwa sababu wasichana wako darasani."

"Akiugua? Akionewa?"

"Akiugua, tunampeleka zahanati na kukupigia simu. Akionewa, aniambie mimi, au mwalimu mkuu, au wewe. Mfundishe kusema, asifiche."

"Haya, alale hapa," baba akasema, bila kubisha. Mkewe akaziba mdomo asicheke.

Siku ya wazazi kutembelea, baba alikwenda roho juu. Alishaamua: binti akilia tu, anarudi naye. Binti akatokea, mashavu yamejaa, akawakumbatia. Akasimulia mpaka pumzi zikamwishia: hasinzii tena, na hesabu sasa anazielewa. Kengele ikalia.

"Baba, mama, samahani, wenzangu wananisubiri tujisomee!" Akatimua mbio.

"Hata hakugeuka," baba alisema.

"Kwani ulitaka alie?"

"Thubutu!" Akafuta machozi kwa kiganja, huku anacheka. "Mwache akimbie."