Siku Ubao Uliposema Uongo

Kila likizo, Kidoti aliamka kabla ya wageni. Alifagia baraza la nyumba ya wageni ya mama yake, akapangusa umande kwenye viti, kisha akatoka mbio mpaka ufukweni kumwuliza Kocha hali ya bahari. Kocha alikuwa mwokoaji, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima, na nusu ya watoto wa mji ule walijifunza kuogelea mikononi mwake. Ndiye aliyepandisha bendera: ya kijani, watu waoge, ya njano, maji yasipite magoti, nyekundu, asiingie mtu. Kidoti alisikiliza, akarudi, akaandika habari hizo kwa chaki kwenye ubao wa mlangoni, kwa kuwa minazi iliificha bendera isionekane kutoka nyumbani.

Aliipenda sana kazi hiyo, kwa sababu ilimpa nafasi ya kuuona mji ukijiandaa. Wafagiaji walikuwa wameshapita na reki zao, mchanga umebaki na mistari kama nywele zilizochanwa. Waendesha boti walikagua majaketi ya kuokolea, moja baada ya jingine, wakivuta kila kamba. Harufu ya mikate ilishuka mtaani hata kabla jua halijapata nguvu.

"Wageni wanadhani ufukwe unaamka hivi wenyewe," Kocha alimwambia siku moja huku akicheka. "Waache wadhani hivyo. Maana yake tumefanya kazi vizuri."

Lakini asubuhi hii Kocha hakucheka.

"Leo nyekundu. Usidanganyike na utulivu wa juu. Chini kuna mkondo, unavuta kama kamba. Andika kwa herufi kubwa."

Kidoti alirudi akiburuta miguu. Mwezi uliopita bahari ilifungwa siku tatu, na wageni wakaondoka wamenuna. Waliandika mtandaoni kwamba safari yao ilikuwa hasara tupu, na kwa wiki mbili hakuna mtu aliyebisha hodi. Mama alijifanya hajali, lakini Kidoti alimwona akikunja shuka ambazo hazikulaliwa na mtu.

Tena leo kulikuwa na wageni wa pekee: babu mmoja kwenye kiti cha magurudumu, na mjukuu wake wa miaka tisa. Walikuwa wamesafiri siku mbili nzima, wakafika jana giza likiingia. Babu hakuwahi kuiona bahari maishani mwake, na kesho adhuhuri walikuwa wanaondoka.

Chaki iligusa ubao, ikasita. Kisha mkono ukaandika: BAHARI SHWARI. KARIBUNI.

"Haidhuru," Kidoti alijiambia. "Babu mwenyewe haogelei."

Baada ya chai, babu alisimamishiwa kiti chake mbele ya ubao. Akasoma polepole, midomo ikichezacheza.

"Shwari!" alisema, uso ukichanua. "Umesikia, mjukuu wangu? Bahari imetusubiri."

"Shikamoo, babu," Kidoti alisema, akatazama pembeni.

"Marahaba, binti. Mji wenu mzuri! Watu wanasalimia, njia ni safi. Tulikopita juzi tuliambiwa chumba kiko ufukweni, kumbe bahari yenyewe ni mwendo wa saa nzima. Kila tuliyemwuliza alimsingizia mwenzake."

Alitaka kusema jambo, lakini mama alimwita jikoni, naye akaona afadhali kwenda.

Nyuma ya nyumba palikuwa na ngazi na njia fupi ya saruji iliyoishia mchangani. Hapo ndipo kiti cha babu kilipokwama, kwani magurudumu yalizama kila yaliposukumwa. Maji yalikuwa hatua ishirini tu mbele yake, lakini hakuweza kuyafikia. Mjukuu akapata wazo. Akachukua kikombe cha plastiki, akakimbia kumtekea babu yake bahari.

Kidoti aliyaona yote kupitia dirisha la jikoni. Alimwona mtoto akiinama, wimbi likimpiga magotini, kikombe kikimponyoka. Kisha, kwa kufumba na kufumbua, miguu ikaondolewa chini yake.

"Kocha! Mtoto! Kocha!" Kidoti alitoka akipiga kelele ambazo hakujua kama anazo.

Kocha alishakuwa mbioni, boya begani. Alijitupa majini, hakupambana na mkondo, akaenda nao kwa ubavu mpaka akamshika mtoto, kisha akarudi naye kwa kuuzunguka. Hayo yote hayakuchukua muda mrefu, lakini kwa babu, aliyekuwa akijaribu kuinuka kwenye kiti bila kuweza, ulikuwa muda wa mwaka mzima.

Mtoto alikohoa maji, akalia kwa nguvu. Kocha akashusha pumzi. "Akilia hivyo, yuko salama."

Mama alifika na taulo, akamfunika mtoto. Babu alimkumbatia mjukuu wake, kisha akainua macho.

"Ubao ulisema shwari," alisema taratibu. "Nimeusoma kwa macho yangu."

Mama alimgeukia mwokoaji. "Kocha, mbona hukutuambia?"

Kocha alishusha boya mchangani. Maji yalimtiririka usoni, naye akamtazama Kidoti. Hakumtolea macho wala kumnyooshea kidole, alimtazama tu.

Kidoti angeweza kunyamaza. Lakini mtu aliyetoka majini na mtoto mikononi alikuwa anabeba kosa lisilo lake, na hilo hakuweza kulivumilia.

"Ni mimi," alisema. "Kocha aliniambia nyekundu. Nikaandika shwari. Niliogopa mtaondoka mmenuna kama wale wengine. Nisamehe, babu. Nisamehe, Kocha. Mama..."

Mtoto aliendelea kulia kwa kwikwi ndani ya taulo.

"Umenitia hofu ambayo sitaisahau," babu alisema. "Sitakudanganya kwamba si kitu. Lakini umekiri mbele yangu, bila kuburutwa. Hilo nalo sitalisahau."

"Babu," Kocha alisema, "kesho saa moja asubuhi maji yatakuwa yamekupwa. Huenda bahari ikatulia, huenda isitulie. Siahidi. Nitakachoahidi ni kuwaambia ukweli."

Jioni ile Kidoti alikwenda kwa mafundi wa boti na kuomba mbao. Hakuficha kwa nini anazitaka. Mafundi walitikisa vichwa, mmoja akamkemea, kisha wote wakambebea.

Asubuhi bendera ikawa ya njano. Kidoti, Kocha na wafagiaji wawili walipanga mbao kutoka mwisho wa saruji mpaka kwenye mchanga mbichi. Kiti kikapita kikigongagonga, mjukuu akikishikilia, Kocha akiwa amesimama majini mbele yao. Wimbi dogo likaja, likafunika nyayo za babu.

Babu aliinama mpaka mkono ukafika majini. Kisha akachovya kidole, akakilamba, akakunja uso.

"Kumbe kweli ni chumvi! Miaka sabini na mbili nilidhani mnatutania!"

Ufukwe mzima ukaangua kicheko. Mjukuu alicheka mpaka akakaa mchangani. Kidoti naye alicheka, lakini macho yalimlowa.

Mama akamvuta kando, akamshika mabega.

"Mwanangu, mchanga na maji tumevikuta hapa. Hata miji inayowachosha wageni inavyo. Sisi tunachotengeneza wenyewe ni imani: mgeni akiambiwa pazuri, akute pazuri, akiambiwa hatari, ajue ni hatari. Mgeni aliyenuna kwa sababu ya ukweli anaweza kurudi. Yule tuliyemdanganya, huenda tusipate hata nafasi ya kumwomba radhi. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama."

"Basi nenda. Babu anataka asogezwe mbele kidogo, na hao wafagiaji wanahitaji mtu wa tatu."

Kidoti akakunja suruali yake mpaka magotini, akaenda kushika upande wake wa kiti.