Zamu ya Adila

Adila si mtu wa kuzua mambo. Tumesoma naye hapa Kiwangwa, na anayetaka kumwita mwongo aanze na mimi.

Wasichana kumi na wawili tulikuwa na kitabu kimoja tu cha majoka yanayoruka. Tulikisoma kwa zamu, na kila aliyemaliza alichovya kidole gumba kwenye hina akapiga alama ukurasa wa mwisho. Alama zikafika kumi na moja, amebaki Adila tu. Mama yake akachoka.

"Kutwa majoka, na mananasi nani atapalilia?" Akakifungia kitabu kwenye stoo ya korosho isiyo na dirisha.

Adila hakukubali. Mchana kweupe, mama yuko shambani, aliiba ufunguo, akaingia na kurudishia mlango asionekane. Giza lilikuwa zito. Akasikia karatasi ikifunuliwa. Kimya. Ikafunuliwa nyingine, taratibu, kama mtu anayesoma.

"Nani?"

Karatasi ikafunuliwa tena.

Wewe ungekimbia. Adila alipiga mguu chini. "Hata uwe jini, kitabu hiki kina zamu, na zamu ni yangu!"

Kitabu kikafungwa. Kikasukumwa sakafuni mpaka kikagusa vidole vya miguu yake.

Alikitoa juani, akafungua ukurasa wa mwisho. Chini ya alama zetu palikuwa na ya kumi na mbili, pana kama kisahani, laini, haina hata mstari mmoja wa kidole. Akaigusa. Hina ilikuwa bado mbichi.