Skuta ya Mama Elieza

Mnyororo haukukatwa.

Ulikuwa umefunguliwa kwa ufunguo, ukakunjwa vizuri, ukawekwa juu ya jiwe. Herieli aliutazama. Akautazama tena. Skuta haikuwepo.

Akatoa simu, akapiga namba ambayo haikuandikwa popote.

"Ng'ombe katoka zizini," alisema.

Upande wa pili Mkubwa alikuwa anatafuna kitu. "Mwache ale. Mfuate kwa masikio."

"Na vile vifaa mlivyoahidi?"

"Vinakuja."

"Vinakuja tangu Kwaresma."

"Herieli, fanya kazi."

Simu ikakatika.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga, na Babati ilikuwa imefanywa makao makuu kabla haijamaliza kuwa kijiji. Maofisa walihamia na masanduku yao. Nyuma yao wakaja wafanyabiashara. Nyuma ya wafanyabiashara wakaja wale ambao hawaandiki jina mlangoni.

Pembe za ndovu zilikuwa zinatoka porini, zinapita katikati ya mji na kupotelea njia ya Kondoa. Hazikupita kwa lori. Zilipita kwa skuta. Skuta za bei ya chini, mitumba, za watu wanaoheshimika. Inaibwa asubuhi, inajazwa chini ya kiti, inapita kizuizi cha polisi mchana kama inakwenda ibadani, kisha inatupwa mtaroni. Anayekamatwa ni yule ambaye jina lake liko kwenye kadi. Mwalimu Allen wa Nakwa alikuwa bado mahabusu kwa kosa la kuibiwa.

Kwa hiyo kikatafutwa chambo.

Chambo kikawa Honda ya Otilia, yule mjane wa Nangara aliyezoeleka kwa jina la Mama Elieza. Mumewe alikuwa amemwachia mtoto mmoja wa kiume, ng'ombe watatu, na skuta iliyofifia wekundu mpaka ikafanana na tofali. Skuta ndiyo iliyokuwa miguu ya ng'ombe wale. Bila hiyo maziwa yangechacha kabla ya kufika kwa maofisa, na mama angebaki kuyanywa na paka.

Herieli aliingia pale kama kibarua wa kusambaza maziwa. Aliyejua ukweli ni mama peke yake. Alimwahidi skuta itarudi bila mchubuko, na mama akamkabidhi ufunguo kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi mtoto kwa padri.

Ufunguo wa akiba ulibaki kwenye msumari jikoni. Herieli hakuufikiria. Kosa la kijinga, kwa mtu aliyezeeka katika kazi hii.

Vifaa havikuja, basi akatengeneza cha kwake. Nokia 3310 iliyovuliwa ganda. Waya wa kisikilizio ukachomekwa, ili simu ijipokee yenyewe bila kulia. Umeme ukavutwa kutoka betri ya skuta kupitia chaja ya gari. Vyote vikatiwa ndani ya kopo la Blue Band, likazungushiwa mpira wa tairi na kufungwa nyuma ya taa.

Hakukuwa na ramani wala setilaiti. Lilikuwa sikio tu.

Lakini Herieli alikuwa amepeleka maziwa kwa skuta ile mpaka mbwa wa Nangara wakaacha kumbwekea. Kila njia ilikuwa na sauti yake, naye alizijua.

Mama Elieza alitoka zizini, mikono bado ina mafuta ya kukamulia.

"Wameichukua?"

"Wameichukua, mama. Ndivyo tulivyotaka."

"Ndivyo ulivyotaka wewe." Akautazama mnyororo. "Elieza naye katoka alfajiri, hata chai hajanywa. Angekuwepo angekusaidia kukimbiza."

Herieli alipiga ile namba ya kopo, akabana simu sikioni.

Injini ikakohoa. Bata. Mashine ya kusaga ikinguruma upande wa kushoto. Nangara, chini.

Kisha sauti ya mwanamke.

"Wee Elieza, leo maziwa unaleta wewe? Yule mzee anaumwa?"

Mama Goodness. Hakuna mwingine mwenye sauti kama ile, inayoweza kuchanja kuni.

Mwizi hasimami akiitwa. Huyu alipunguza moto, akasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Na lita zangu mbili?"

"Jioni, mama. Namalizia shughuli kidogo."

Injini ikaondoka.

Mtoto aliyelelewa. Hata katikati ya wizi hakuweza kumpita mtu mzima bila kumwamkia.

"Wanasemaje?" Mama Elieza aliuliza.

"Upepo," Herieli alisema. "Upepo tu."

Land Rover ilimchukua njia panda. Dereva alikuwa Sabaha, mwanamke mwembamba wa kitengo chao cha kuzuia ujangili, bunduki imelala mapajani kama mtoto mchanga.

"Wapi?"

"Anashuka kuelekea Singe."

"Umemjua?"

"Endesha."

Sabaha akaingiza gia. "Kopo la Blue Band, mzee. Nikiwasimulia wanangu watasema mama siku hizi anakunywa."

"Kata kulia."

"Wangetupa hata redio moja isiyokwaruza."

"Kulia, Sabaha."

Sikioni injini ilizimika. Mlango wa bati ukaburuzwa. Halafu mlio mwingine, shaa, shaa, kama mvua inayonyesha sehemu moja. Mbaazi zinachekechwa.

Ghala la Konstantini.

Konstantini alikuwa mnunuzi wa mbaazi, mtu wa kuja, msomaji wa masomo kanisani. Kila asubuhi alichukua lita tatu. Alimwamkia Herieli kwa jina na kumuuliza habari za goti.

"Vipande sita, chini ya kiti," sauti yake ikasema ndani ya kopo. "Juu tandika kitambaa cha maziwa. Nani atasimamisha skuta ya mjane?"

Mtu mwingine akacheka. Lafudhi yake haikuwa ya hapa wala ya jirani.

"Mzee, niwahi kurudi," Elieza alisema. "Ng'ombe wa jioni. Mama atajua."

"Utarudi, kijana. Utarudi."

Herieli aliijua ile "utarudi." Mwenyewe alikuwa ameitumia.

Sabaha alizima gari nyuma ya mahindi. Akaenda mlango wa mbele. Herieli akazunguka nyuma, bastola ya Makarov mkononi, goti likilalamika kila hatua.

Redio ikakwaruza sauti ya Sabaha.

"Tayari."

"Ingia."

Bati likalia kwa teke la Sabaha. Mlinzi mnene akachomoa gobore chini ya turubai. Herieli, aliyekwisha kuingia kwa mlango wa nyuma, hakupiga risasi. Alipiga teke rundo la magunia lililoegemezwa ukutani. Gunia la juu likapasuka, mbaazi zikamwagika sakafuni kama shanga, na yule mlinzi akaenda nazo, miguu juu, gobore likafyatukia dari.

Yule mwenye lafudhi ya kigeni alikimbilia mlango wa nyuma. Akakutana na mdomo wa Makarov.

"Kaa," Herieli alimwambia. "Chagua gunia lolote."

Mfukoni alikuwa na pasi mbili za kusafiria, majina mawili, sura moja. Konstantini yeye hakukimbia. Alivua kofia, kama aliyeingia kanisani.

"Kumbe baba wa maziwa," alisema. "Na nilikuwa nakuombea goti."

"Halijapona."

Sabaha akawafunga pingu. Msafara mzima ukawa umekufa hapo, kati ya mbaazi. Pembe nyingine zilikuwa ndani ya magunia, nyeupe, zimekatwa vipande kama mihogo.

Elieza alisimama kando ya skuta, mikono kichwani. Ule ufunguo wa akiba wa jikoni ulikuwa bado unaning'inia kwenye swichi.

"Kwa nini?" Herieli aliuliza, taratibu.

"Aliniahidi udereva. Ofisi ya mkoa." Akamwonyesha Konstantini kwa kidevu. "Tuliambiwa mkoa ukija, kazi zitakuja. Zimekuja na wenyewe. Sisi tunawapelekea maziwa."

Herieli alikuwa ameitembea nchi hii kusini mpaka kaskazini na hakuwahi kukutana na mtu mwenye jibu la hilo.

Redio ikaita. Mkubwa.

"Nimesikia ni kazi safi. Nani alikuwa kwenye skuta?"

Herieli akitaja jina, kijana anakwenda jela mpaka azeeke. Akisema dereva amekimbia, watasoma kadi, na kwenye kadi ameandikwa Otilia. Mwana au mama. Sheria haikuweka mlango wa tatu.

Basi akautoboa ukuta.

"Mtu wangu," alisema. "Mtoa habari. Nilimpandikiza mimi."

"Hukuniambia."

"Nawe hukuleta vifaa."

"Na skuta?"

"Ya kitengo. Niliinunua kwa ajili ya kazi. Jina kwenye kadi halijabadilishwa."

"Basi ni mali ya serikali. Ipakie, ije huku na vielelezo vingine."

Sabaha alikuwa anamtazama. Alisubiri redio izimwe.

"Mzee. Yule mama atakulaani."

"Pakia."

Jioni Herieli alirudi Nangara kwa miguu. Mama Elieza alimwona toka mbali. Alimtazama yeye, kisha njia nyuma yake, kisha yeye.

"Iko wapi?"

"Imekuwa ya serikali, mama."

"Imekuwaje?"

"Imekuwa."

Elieza alikuwa amesimama nyuma ya mama yake na ndoo mkononi. Herieli alimpa muda. Alimpa muda wa kutosha kabisa mtu kufungua kinywa. Kijana akatazama ndani ya ndoo.

Mama hakupaza sauti. "Nilikupa kwa mikono yangu miwili. Usiku nilikuwa naamka kusikiliza kama wezi wamekuja." Akafuta mikono kwenye kanga. "Kumbe mwizi nilikuwa nampikia chai."

"Ndivyo, mama."

"Hata kubisha hubishi?"

"Sina la kubisha."

Alimwangalia mpaka macho yakachoka. Kisha akageuka, maana hasira ni hasira lakini mgeni ni mgeni. "Elieza. Msindikize huyu mpaka njiani."

Walitembea hadi kwenye michongoma. Pale Herieli akasimama. Akalichukua debe la maziwa ya jioni lililoegemezwa kwenye mchongoma kusubiri skuta, akalipima uzito, akampa kijana.

"Mama Goodness anasubiri lita mbili," alisema. "Uliahidi jioni. Ni mbali kwa miguu."

Elieza alilipokea. Debe lilimvuta bega chini. Alijaribu kusema kitu, kikakataa kutoka. Kikatoka kile tu alichofundishwa tangu utotoni.

"Shikamoo, baba."

Herieli alitupia koti begani. Akashika barabara ya Arusha, polepole, kwa lile goti lake, bila kugeuka.

Hakuitikia.