Kila Mmoja Apunguze Kidogo

Kila asubuhi Cheche alifika shuleni akihema. Kutembea hakukujua, alijua kukimbia tu, ndiyo maana wenzake wakambandika jina hilo. Rafiki yake wa dawati moja, msichana asiyeharakia hata chakula, walimwita Polepole.

Wiki hiyo mwalimu wa Kiswahili aligawa vitenzi. Kila wawili walipewa kimoja, waeleze maana na asili yake mbele ya darasa, na watakaoshinda wangezungumza siku ya wazazi. Cheche na Polepole wakapata "kuungana". Cheche alirukaruka kwa furaha, maana siku hiyo ya wazazi aliitamani kupita kiasi.

Walipolinganisha kazi zao, furaha ikaingia doa. Cheche alikuwa ameandika asili ya neno: kuungana kumetokana na kuunga, kama kupendana kulivyotokana na kupenda. Polepole alikuwa amezunguka mtaani akikusanya maana. Mama yake huunga mboga kwa nyanya na vitunguu, muuguzi husema mfupa uliovunjika umeunga, na kwenye mikutano watu huunga mkono hoja. Yote mazuri, lakini muda waliopewa ulitosha nusu tu, na hakuna aliyekubali kufuta hata mstari. Wakanuniana.

Cheche akaenda kumlalamikia shangazi yake, fundi seremala, aliyekuwa karakanani akipiga randa mguu wa meza. Shangazi alimpa vipande viwili vya mbao na gundi, akamwambia aviunge. Cheche akapaka gundi chapuchapu, akavigandisha ncha kwa ncha, kisha akavinyanyua kwa mbwembwe. Kimoja kikaanguka chini puu.

Shangazi alicheka mpaka akaweka randa chini. Kipande kimoja akakichonga ncha ikawa kama ulimi, kingine akakitoboa tundu, akavishindilia kwa nyundo. Cheche akavuta kwa nguvu zake zote. Wapi.

"Umeona, mwanangu?" alisema Shangazi. "Kila kimoja kimepunguzwa. Vingebaki vizima, visingeshikana."

Cheche aliviomba vile vipande, akatimua mbio hadi kwa Polepole.

"Nimekuja kufuta," alisema akihema. "Tuanze na ya kwangu."

Polepole alimtazama, akatabasamu, akachukua kalamu. Wakafuta wote wawili, na kilichobaki kikawa kitamu kuliko mwanzo.

Darasani mmoja alieleza asili, mwingine maana, kisha wakapitisha mbao zile wenzao wajaribu kuzitenganisha. Darasa zima lilivuta mpaka jasho, na Shangazi hakuaibishwa. Makofi yalipigwa hadi darasa la jirani wakachungulia.

"Siku ya wazazi ni yenu," mwalimu alisema. "Na wengine mkumbuke: kuungana si kukaa pamoja tu. Kila mmoja akubali kupunguza kidogo cha kwake."

Jioni hiyo Cheche alirudi nyumbani akitembea. Pembeni yake Polepole alikuwa ameongeza mwendo.