Pikapu Iliyombeba Shangazi Kanyiva

Nilikuwa nimetumwa mishumaa tu.

Ilikuwa Ijumaa moja ya Agosti, mwaka wa 1996, na jua lilikuwa linazama nyuma ya viwanda. Pikapu ya Wathome ilisimama kwenye kituo cha mafuta kando ya barabara ya Outering. Nyuma, chini ya turubai, kulikuwa na jeneza la Shangazi Kanyiva, dada ya marehemu baba yangu. Tulikuwa tunampeleka Machakos akazikwe kesho yake, kwenye boma la kaka yake mkubwa, Mutisya. Jamaa wengine walikuwa wametangulia kwa basi. Tulibaki wanne: Wathome kwenye usukani, Baba Mkubwa Mutisya kando yake, na mimi na mama nyuma, pamoja na jeneza.

Niliporudi na mishumaa, tangi lilikuwa limeshajazwa. Nikanusa. Petroli. Kali, ya karibu, kwenye mdomo wa tangi letu.

"Wathome, wamekuwekea nini? Si hii ni ya dizeli?"

Baba Mkubwa ndiye aliyenijibu. "Kwenye kituo cha petroli ulitaka kunusa chapati? Panda!"

Nikapanda. Najilaumu mpaka leo. Niliacha shule kidato cha pili baba alipofariki, na tangu hapo nilikuwa nasaidia gereji ya jua kali Kariobangi. Harufu za mafuta nazijua hata nikiwa nimefumba macho. Lakini msichana aliyeacha shule akisema jambo, watu humsikia kama redio ya jirani.

Tulipita Donholm vizuri. Tulipokaribia mtaa wa Fedha, injini ikaanza kukohoa. Ikagonga. Ikatoa moshi mweupe.

Ikazima.

Niliruka chini. "Usiwashe! Ni petroli. Ukipiga stata unaivuta mpaka kwenye pampu, na pampu itakufa. Tusukume kando, tumwage tangi, tuweke dizeli."

Wathome akapiga stata. Akapiga tena. Akapiga tena.

"Wathome!"

"Tulia, dada, nasikiliza."

Hakuwa ananisikiliza mimi.

Baba Mkubwa alishuka polepole. Akavua kofia. Akazunguka nyuma, akaweka kiganja juu ya jeneza.

"Amekataa," akasema.

Kwetu, gari lililobeba maiti likikwama, watu hawafungui boneti kwanza. Huongea na marehemu. Humbembeleza, humwuliza kinachomkera. Nilishaona hivyo mara mbili. Lakini sikuwahi kuona ikifanywa huku petroli inanuka hivyo!

"Dada yangu," Baba Mkubwa akanong'ona, "kuna mtu hapa hutaki akusindikize?"

Chini ya gari kulisikika tik... tik... tik... Ni ekzosi inapoa, nikajiambia.

Baba Mkubwa akainua macho, akamtazama mama.

Mama alikuwa amemuuguza shangazi miezi minne, katika chumba chetu kimoja. Kila uji aliokunywa ulitoka mikononi mwake. Baba Mkubwa hakuwahi kuleta hata chungwa. Ila tangu mochari alikuwa akisema chinichini kwamba uji ule ulikuwa na kitu.

"Kaluki, shuka. Tuone kama gari litawaka bila wewe."

"Na likiwaka?" mama akauliza.

"Nitawaambia watu wa nyumbani nilichokiona. Vijana wa kule wanajua la kufanya."

Mama akashuka. Mwaka uliotangulia, mwanamke wa kijiji cha ng'ambo alitajwa hivyo, kuwa mchawi, kwenye matanga. Nyumba yake ilichomwa akiwa ndani.

Niwe mkweli. Wakati huo sikumwogopa marehemu. Niliogopa injini. Injini ya dizeli iliyoingia petroli ikipumzika kidogo inaweza kukamata kwa bahati tu, ikanguruma dakika moja, kisha ikafa. Dakika moja ingetosha kumwua mama.

"Piga," Baba Mkubwa akaamuru.

Ikakohoa. Wathome akapiga tena. Ikakohoa kwa nguvu zaidi, pikapu nzima ikatikisika... karibu ikamate...

Nikaingiza mkono dirishani, nikachomoa ufunguo.

"Wewe mtoto!"

"Nusu saa, Baba Mkubwa! Nipe nusu saa, halafu unipige ukitaka."

Nikanyakua mtungi na kukimbia kurudi kituo kile cha mafuta, ufunguo ngumini. Nililia njia nzima. Kwa hasira, si kwa huzuni. Watu wazima wawili, na hakuna hata mmoja aliyekubali kunusa!

Mhudumu wa pampu, mwanaume wa makamo aliyeitwa Ndirangu, alinitambua mara moja.

"Niaje, bado hamjafika?"

"Umetuwekea petroli kwenye dizeli!"

"Maze, usinipigie kelele. Niliuliza mara mbili. Dereva alikuwa ameenda chooni, yule mzee wa mbele anakoroma. Mama wa nyuma akaniambia niweke petroli ya super."

"Mama yangu anajua ni dizeli."

"Yule wa kitambaa cheusi? Huyo alikuwa ameinamisha kichwa anaomba. Nasema yule mwingine. Yule nyanya."

"Nyanya gani?"

"Aliyekalia jeneza."

Nikamsukumia mtungi aujaze.

"Ana chongo upande wa kushoto," akaendelea, huku akijaza dizeli mtungini bila kunidai chochote. "Alikuwa ananusa ugoro. Nikashangaa mtu kukalia jeneza, lakini mambo ya kwenu mimi nitayajuaje? Akaniambia nijaze super mpaka juu." Akapunguza sauti. "Akasema, 'Mutisya asinifikishe.' Mutisya ni nani?"

Labda alikuwa anaficha kosa lake. Labda alisikia Wathome akilitaja jina hilo. Nilijishikilia hapo.

Lakini chongo la shangazi na ugoro wake angevijulia wapi? Jeneza lilikuwa limepigwa misumari tangu mochari.

Niliporudi giza lilikuwa limeingia. Taa za Fedha zilikuwa zimewaka upande mmoja, na upande wa pili moshi wa Mukuru kwa Reuben ulikuwa umelala chini. Mama alikuwa ameketi kwenye jiwe, peke yake. Baba Mkubwa alikuwa amesimama mbali naye, kama mtu anayelinda mfungwa.

Niliingia chini ya pikapu na spana na sufuria kubwa ya kupikia matanga tuliyokuwa tumeibeba. Nikalegeza nati ya tangi. Mafuta yakatiririka, mepesi kama maji.

Juu yangu, kwenye mbao, kitu kikakwaruza.

Kwaru...

Hapakuwa na mtu nyuma ya pikapu.

Kwaru... kwaru...

Halafu harufu ya ugoro. Ilishuka kupitia nyufa za mbao, ikaishinda petroli.

Nilitoka kule chini nusura niache spana. Nikamsogezea Baba Mkubwa sufuria. "Chovya kidole. Dizeli inateleza, inabaki. Hii inakauka ukiitazama."

Akachovya. Kidole kikakauka hewani. Akakitazama, kisha akajipangusa kwenye koti.

Mama alikuja kunishikia tochi, mishumaa tukiiacha mbali na petroli. Nikamnong'oneza yote aliyoniambia Ndirangu. Hakushtuka. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

"Aliniomba," akasema. "Wiki ya mwisho. Akasema, nizikeni popote, hata makaburini Lang'ata, si kwa Mutisya. Nikamwuliza kwa nini. Akageukia ukuta."

"Tumwambie Baba Mkubwa?"

"Ukimwambia amekataa kweli, atasema amekataa kwa ajili yangu."

"Basi tumwache hapa? Tufanye nini, mama?"

Alitazama jeneza. Kisha akanitazama mimi.

"Tengeneza gari, Mukai. Mimi bado niko hai."

Nilifunga tangi, nikamimina dizeli. Nikamwaga filta, nikaijaza pia. Nikapampu kwa mkono mpaka kidole gumba kikatoka damu. Nikalegeza nati za nozeli, nikatoa hewa. Wathome sasa alikuwa mpole, akinishikia tochi na kuuliza, "Hii je? Hii je?" Betri aliyoimaliza mwenyewe ilikuwa imebaki na pumzi moja tu.

"Mama, panda kwanza," nikasema kwa sauti, Baba Mkubwa asikie. "Liwake ukiwa ndani."

Mama akapanda. Nikamrudishia Wathome ufunguo, nikapanda kando ya mama, mgongo kwenye kibao cha mbele, jeneza kulia kwangu.

"Piga!"

Stata ikazunguka. Polepole. Polepole zaidi. Kwa nafsi yangu nilimwambia shangazi: nisamehe, sina mama mwingine.

Ikawaka.

Wathome akapiga makofi. Baba Mkubwa akaingia mbele bila kutugeukia, na pikapu ikashika njia ya Machakos. Mama akaupapasa mkono wangu wa kushoto gizani, akaukumbatia kifuani akilia.

Kisha mkono mwingine ukanishika ule wa kulia.

Ulikuwa baridi, mkavu, na haukuwa wa shukrani. Ulinibana kama mtu anayeshikilia mlango asitolewe nje. Sikupiga kelele. Sikumwambia mama. Kila tulipopita kibao cha barabarani kinachotaja Machakos, ulizidi kubana.